Kwa Baba Majani wa Bustani ya Mimea

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache.

Bustani ya mimea uliitumikia tangu ujana wako: kitaluni, kwenye mianzi, kwenye bwawa la mayungiyungi, hadi ile nyumba ya vioo ulimokuwa ukitoka umelowa jasho chapachapa. Wenzako walikuita Baba Majani kwa sababu hukupita mmea bila kugeuza jani uangalie kama kuna wadudu. Hata sokoni ulizigeuza kabichi za watu mpaka muuza mboga akakuuliza, "Mzee, unanunua au unatibu?"

Mgeni akichuma ua hukumfokea. Ulimwonyesha tumba la pembeni ukamwambia, "Hili niachie mimi, tafadhali." Wengi walirudi kukusalimia.

Na miti uliipa majina yako mwenyewe. Siku uliposema mezani, "Leo nimeshinda na Bi Mrefu, kanichosha kweli," Mama alinuna wiki nzima. Ikabidi umshike mkono ukamwonyeshe. Kumbe mvinje! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama akakwambia, "Hata kama ni mti, punguza mazoea."

Ulipoondoka aliapa hatakanyaga tena bustanini. "Nikaone nini, na mwenyewe hayupo?" Wenzako walituomba tuje tupande mti wa kukukumbuka, lakini bila yeye tulikataa katakata. Shangazi alimbembeleza, wajukuu wakamlilia, wapi! Tuliingiwa na hofu, Baba, maana hata jina lako alikuwa halitaji tena.

Jumamosi iliyopita alitoka chumbani ameshavaa viatu. "Twendeni kabla sijabadili nia." Alipofika alilikagua shimo, akamgeukia mkuu wa kitalu: "Hapa njiani? Watoto si wataukanyaga? Sogezeni huko." Wakachimba upya bila kubisha. Mama akauweka mche, akashindilia udongo kwa mikono yake, na hapo ndipo alipokulilia. Alilia sana, nasi tukalia.

Jioni mlinzi akapita akipiga kengele. "Wageni wote, tunafunga!"

Mama hakuinuka. "Wageni watoke," alimwambia. "Mimi niko kwa mume wangu."

Mlinzi aliishika kengele isilie, akatuachia lango wazi.

Unakumbukwa na mkeo, sisi wanao, wakwe zako, wajukuu zako, dada yako, na wenzako wote wa kitaluni. Mioyoni mwetu hutoki, Baba.