Wati Nane kutoka Mwimbi

Jumapili, mwezi wa saba. Sumbawanga. Jua limewaka mchana kutwa bila kupasha kitu, na sasa upepo unaingia chini ya mlango. Nimevaa masweta mawili. Nimekaa kitandani kwa sababu kiti kimoja kina madaftari ya wanafunzi na kingine kina nguo, na wa kunisuta nivipange hayupo.

Leo naandika jambo linaloniaibisha.

Kwa wiki tano sikumpigia baba simu. Hatukugombana. Sikumpigia kwa sababu nilikuwa naiona taa yake.

Nieleze vizuri, maana hata mwalimu mwenzangu nilipomweleza alinitazama kama niliyerogwa. Baba anaishi peke yake Mwimbi tangu mama afariki. Ni katekista mstaafu, mkaidi, na simu yake ya vitufe inashinda imezimika. Mimi nafundisha fizikia hapa mjini. Pasaka nilimpelekea taa ya mezani nikaichomeka kwenye plagi janja, ile inayokaa kati ya soketi na taa na kutuma habari kwenye simu yangu kwa intaneti. Ruta ndogo nikaiweka juu ya kabati. Plagi yenyewe naiacha ikipitisha umeme muda wote. Baba anawasha na kuzima kwa mkono wake, kwa swichi iliyo kwenye waya wa taa, kama mtu yeyote. Plagi haimwoni, ila inapima umeme unaopita. Ikisoma sifuri, taa imezimwa. Ikisoma wati nane, kuna kidole kimebonyeza swichi.

Kidole cha baba. Basi, yu mzima.

Kila jioni, kwenye saa kumi na mbili na robo, sifuri ilikuwa inageuka nane, nami humu chumbani nasema "shikamoo baba" kwa sauti, peke yangu. Tangu mke wangu Oliva aliponiacha, mwaka juzi, hiyo ndiyo imekuwa salamu yangu ya jioni. Nane ikitokea nilijisikia nina mtu. Halafu polepole nikaacha kupiga. Nimuulize nini? Ameamka, naona. Amelala, naona. Uvivu ukishapata sababu ya kisayansi hauna dawa.

Mwezi uliopita ikazuka kero. Jirani na kwa baba kuna mashine ya kusaga. Ikianza kunguruma umeme unapungua na namba zinarukaruka: nane, mbili, sifuri, nane. Kila ikiruka, simu yangu inalia. Ililia kwenye kikao cha walimu, ikalia kanisani wakati wa mahubiri. Nikaingia kwenye mipangilio nikaweka sharti kwamba badiliko lolote la chini ya dakika moja lisihesabiwe. Simu ikatulia. Nikajipongeza kwa akili zangu.

Jana asubuhi Mama Kulwa akanipigia. Ni jirani wa baba, familia yake ilihamia na ng'ombe kutoka Usukumani, na ndiye anayempelekea maziwa. Hakuzunguka.

"Mwalimu, baba yako ameumia mguu tangu Jumatatu. Alinikataza nisikwambie. Anasema uliona, ukanyamaza."

Niliona nini? Jumatatu niliona wati nane, kama siku zote. Jumanne nane. Jumatano nane.

Nilipanda basi dogo, kisha bodaboda, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kujitetea kwa kosa nisilolijua. Nilimkuta kwenye kiti chake kando ya taa, mguu umefungwa bandeji, umelazwa juu ya kigoda. Nilipiga goti, nikapiga makofi mawili ya taratibu kama alivyonifundisha mwenyewe, nikamwamkia. Aliitikia marahaba huku anatazama ukuta.

Ilichukua muda kunisimulia. Jumatatu jioni aliteleza mlangoni na ndoo ya maji. Akajikokota hadi kwenye kiti. Simu haikuwa na chaji, na chaja yenyewe ilikuwa imekufa. Aliita, lakini mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma na sauti yake haikufika popote. Ndipo akaitazama taa, akakumbuka kwamba mwanawe anaiona.

Akaigonga kama kengele.

Hapa inabidi nirudi nyuma. Kwa miaka mingi baba ndiye aliyekuwa anagonga kengele ya kigango chetu, rimu ya gari kuukuu iliyoning'inizwa kwenye mti. Jioni aligonga ya Malaika wa Bwana: tatu, kimya, tatu, kimya, tatu. Ikilia, uliacha jembe, uliacha hata tonge, ukasimama ukaitikia sala. Siku moja niliendelea kucheza mpira wa makaratasi, nikachapwa. Sikurudia tena.

Basi Jumatatu akabonyeza swichi. Zima, washa, mara tatu. Akatulia. Mara tatu. Akatulia. Mara tatu tena.

"Nikangoja uitikie," alisema. "Nikasema labda yuko na kazi. Nikarudia. Nikarudia tena. Halafu nikasema, haya, mtoto ana shughuli zake."

Alilala kwenye kiti hicho hicho. Asubuhi Mama Kulwa alikuja na maziwa akamkuta, mumewe akampeleka zahanati kwa pikipiki. Mfupa haujavunjika. Namshukuru Mungu, na namshukuru Mama Kulwa, na mwenyewe sijui nijiambie nini.

Kwanza nilikasirikia plagi. Nikatoa simu palepale nikaondoa lile sharti langu, maana programu ilikuwa inayaficha mabadiliko madogo bila kuyafuta. Nikafungua kumbukumbu za Jumatatu jioni. Yote yalikuwepo. Sifuri, nane. Sifuri, nane. Sifuri, nane. Kisha nafasi. Kisha mengine matatu. Mtoto yeyote aliyelelewa na kengele ile angeyasoma hata akiwa usingizini.

Nililia mbele ya baba yangu, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili.

Nilipoweza kusema nilimweleza habari ya umeme kupungua, namba kuruka, dakika moja. Alisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa anawasikiliza wanafunzi wa komunyo waliokuja bila kukariri sala.

"Kwa hiyo uliiambia isinisikilize."

"Nilidhani ni mashine ya kusaga, baba."

"Mashine inajua kuhesabu tatu?"

Sikuziba kelele za mashine tu. Nilitaka baba anayekaa kimya kwenye kioo cha simu, wa namba moja asubuhi na namba moja jioni, asiyenisumbua kanisani. Nikampata.

Leo asubuhi nilimkobolea mahindi kidogo, nikamwekea chaja mpya, nikamsogezea simu pale anapofika bila kusimama. Nilipokuwa nafunga mfuko wangu akaniuliza jambo ambalo nimekuja nalo mpaka hapa, sijaweza kulitua.

"Na wewe ukiwasha ya kwako, nani anaiona?"

Nikasema hakuna.

Najua alikuwa anamfikiria Oliva, aliyempenda kama binti yake, na sikutaka amtaje. Hakumtaja. Alisema tu, "Basi uwe unaniambia."

Nimefika nyumbani jua linazama. Lile sharti sijalirudisha. Simu na ilie, hata mahubirini. Nilikaa na koti langu bila kuwasha taa, nikiitazama sifuri, na nakiri niliogopa kidogo. Saa kumi na mbili na dakika ishirini ikageuka nane. Nikainuka nikawasha taa yangu, nikapiga.

"Shikamoo baba. Nimewasha taa."

"Marahaba. Nimesikia." Akakohoa kidogo. "Umekula?"

Nikasema nimekula.

Jiko langu halijawashwa tangu Alhamisi. Hakuna plagi ya kunisema, na yeye ameniamini mara moja, bila kupima chochote.

Kesho nitapika kwanza, ndipo niwashe taa.