Beji ya Mtoto wa Saba

Jumamosi, Julai inakwisha. Whitehall, pembeni mwa Columbus, Ohio. Joto la kunata, lile linalokushika mgongoni kabla hujafika kwenye gari. Mvua imetishia kutwa nzima na haijanyesha.

Nimerudi nyumbani tangu saa kumi na bado sijavua viatu. Mama yuko jikoni anachambua maharage kana kwamba leo ilikuwa siku kama nyingine. Mwanangu Keza amelala kwenye kochi na kofia ya kizamani ya Wamormoni kichwani, imefungwa kidevuni kwa utepe. Mimi naandika hapa kwa sababu nikikaa kimya nitapasuka.

Kwanza kabisa: majina yote ya humu nimeyabadilisha. Msijisumbue kutafuta. Baada ya wiki tatu nina usaili wa uraia, na mtu anayesubiri usaili hamwamini hata anayeleta barua.

Sasa nianze.

Kuna bibi mmoja wa Kizungu, tumwite Bi Karoli, anayekuja kwetu kila Jumatano kumfundisha Mama Kiingereza. Ni Mmormoni, wa lile dhehebu lililoanzia hukuhuku Marekani. Huja na mkate aliouoka mwenyewe, bado wa moto, umefungwa kwenye taulo. Miezi minane sasa, na hajawahi kuomba chochote. Hata kanisani kwake hajawahi kutuita. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, nikiwa mtoto wa Kirundi kati ya maelfu, na kule kila aliyekuja na kitu mkononi alikuwa na daftari kwapani. Kwa hiyo miezi yote minane nimekula mkate wa Bi Karoli huku nikisubiri daftari lake.

Wiki mbili zilizopita likatoka.

Alikuja kutualika kwenye maadhimisho yao. Kumbe kila Julai hukumbuka wazee wao waliofukuzwa huku na huku katika nchi hii hii, mpaka wakaamua kwenda magharibi kwa miguu, wakivuta mikokoteni yenye watoto na sufuria. Wengi walifia njiani. Hapa Columbus huadhimisha kwa matembezi nyuma ya kanisa lao, wanavuta mikokoteni, wanakula. Halafu, alisema akitabasamu, kutakuwa na meza ya ukoo. Pale watu wa kujitolea watakusaidia kuandika majina ya kwenu: babu, bibi, watoto wote, wazima na waliokufa.

Niliposikia "watoto wote, wazima na waliokufa", machale yakanicheza. Hilo ni swali la uhakiki, siku ya kuhesabiwa kambini. Nimelisikia tangu nikiwa sijui kuhesabu.

Nilimtazama Mama nikijua atakataa. Mama hukataa hata harusi za majirani. Akauliza kama hao watoto waliofia njiani wanajulikana majina. Bi Karoli akasema ndiyo, mmoja mmoja. Mama akasema tutaenda.

Hapo nikaanza kumshuku na yeye.

Alhamisi kaka yetu mkubwa, Renovati, alinipigia kutoka Louisville akiwa kwenye mapumziko ya zamu, nyuma yake magari ya ghala yanapiga honi. Renovati hapigi simu siku za kazi. Aliongea kwa kasi.

"Nendeni mkale, mrudi. Ila Mama asikae kwenye hiyo meza ya majina. Umenisikia? Usaili wako ukishapita, aandike hata kijiji kizima."

Nilimwambia nimesikia. Nilidhani ananilinda dhidi ya Wazungu, na kwa hilo tulikuwa timu moja. Ila nilipokata simu nikajiuliza kwa nini asimwambie Mama mwenyewe, na kwa nini sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa.

Leo asubuhi Mama alivaa kitenge kipya alichotumiwa na dada yetu Beata kutoka Buffalo, ambako ana duka dogo Grant Street. Chini ya kwapa alibeba bahasha ya plastiki. Naijua hiyo bahasha. Ndani yake kuna kila karatasi tuliyowahi kupewa duniani, kuanzia kadi ya posho ya kambini mpaka chanjo za Keza. Nilimuuliza ya nini kwenye sherehe. Akanijibu kwamba Mzungu akitaka majina, hatimaye atataka karatasi.

Jirani yetu wa juu, Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, alipanda nasi kwenye gari. Aliniona nimenuna akacheka.

"Bon, weye unaogopa nini? Bale bazungu beko na roho muzuri. Twende tukule!"

Mama Furaha naye alikuwa na bahasha yake mkobani. Niliiona.

Tulipofika, kulikuwa na turubai, juisi ya limau, wanawake wenye magauni marefu ya maua na mikokoteni sita ya mbao iliyosafishwa mpaka inang'aa. Kijana mmoja mlangoni alituuliza tu tuko wangapi. Kabla sijafungua mdomo Mama alikuwa ameshatupanga mstari: yeye mbele, kisha mimi, kisha Keza, na Mama Furaha mstari wake pembeni, bahasha vifuani. Wangapi? Basi tukasimama tuhesabiwe. Mimi mwenyewe, na uzungu wangu wote wa miaka kumi na miwili Ohio, nilishtukia nimenyoosha mgongo na kumshika Keza bega asitoke kwenye foleni. Wazungu wakafurahi mno. Walidhani ni mila yetu, wakatupiga picha.

Nikazihesabu picha. Nne. Nikajiuliza zinakwenda wapi.

Bi Karoli akaja na kikapu cha beji. Akaeleza, nami nikamtafsiria Mama, kwamba kila anayetembea huvaa jina la mmoja wa wale waliofia njiani. Unamtembeza, unamfikisha. Yake ilikuwa ya mtoto wa miezi tisa, wa ukoo wake mwenyewe. Macho yake yalikuwa yamelowa, na mimi, Mungu anisamehe, nilitafuta kama ni machozi ya kweli. Nani humlilia mtoto aliyekufa kabla hata bibi wa huyo anayelia hajazaliwa?

Kisha akainama akambandika Keza beji kifuani.

Damu ilinipanda. Niliichomoa beji ile kwa nguvu mpaka gauni la mtoto likavutika. Nikasema, kwa Kiswahili na kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwamba mwanangu hatembei na jina la maiti.

"Mom, it's just a name," Keza akasema, uso umemwiva kwa aibu.

Mama akanitazama. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kubeba.

"Mbona wewe unatembea nalo tangu uzaliwe," akasema, "na hujafa?"

Sikuelewa. Akanivuta nyuma ya mkokoteni wa mwisho, akafungua bahasha, akatoa kadi ya posho. Imechakaa, imebandikwa utepe wa gundi kwenye mikunjo. Akaweka kidole kwenye mstari wa watoto, wa saba. Odeta. Jina langu, na mwaka wangu wa kuzaliwa.

"Huyu si wewe."

Naandika alivyonieleza, kwa ufupi, kwa sababu mwenyewe alieleza kwa ufupi. Walipovuka mpaka walikuwa na watoto saba, na Odeta alikuwa wa mwisho, wa miaka miwili. Waliandikishwa wote. Mwezi wa pili kambini surua ikamchukua. Mama alikuwa na mimba yangu. Baba, ambaye sasa ni marehemu, alisema wasiripoti, kwa sababu kadi ingepunguzwa na watoto sita walikuwa na njaa. Walimzika alfajiri bila kelele, bila kilio, ili majirani wasijue. Nilipozaliwa miezi mitano baadaye, kunipeleka kuandikishwa kungeleta swali la yule wa saba yuko wapi. Basi siku ya uhakiki, nikiwa nimeshatimiza mwaka, Mama alinifunika vizuri mgongoni, akasema, huyu hapa Odeta.

Mtu wa daftari alinitazama, akaandika kwamba nimedumaa.

Nilicheka. Naapa nilicheka, pale nyuma ya mkokoteni. Utoto wangu wote nilipangwa kwenye foleni ya uji wa watoto wenye utapiamlo, na mashavu yangu haya. Darasani nilikuwa mfupi kuliko wote na mwalimu akanihurumia. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniita Odeta. Wananiita Minani. Kwa Kirundi hilo ni jina la mtoto wa nane, na mimi, niliyejihesabu wa saba, nilidhani ni utani wa nyumbani tu.

Mimi ninayeshuku kila mtu, kila barua, kila picha na kila mkate, nimeishi miaka yote hii bila kushuku jina langu.

Kisha kicheko kikaisha, nikakumbuka usaili. Wiki tatu. Nitainua mkono wa kulia, niape kusema kweli, na swali la kwanza litakuwa jina langu na siku niliyozaliwa. Ndicho alichokuwa anakiogopa Renovati. Hakumwogopa Bi Karoli hata kidogo. Alimwogopa Mama akipewa kalamu.

Nilimwambia Mama, kwa hasira, kwamba angesubiri. Wiki tatu tu! Akajibu kitu ambacho nimekirudia kichwani mpaka sasa.

"Hawa wenzetu wanawatembeza watoto wao waliofia njiani. Wangu nilimficha kwenye kadi. Sikumlilia hata siku moja, Minani. Ningemlilia vipi na wewe unaitika jina lake?"

Kisha akakunja kadi akairudisha. Akaenda moja kwa moja kwa Bi Karoli na kwa Kiingereza chake cha Jumatano akaomba beji tupu. Nikamkimbilia nikidhani anaelekea kwenye meza ya ukoo. Akanisukuma mkono taratibu.

"Mezani sikai, nilimwahidi Renovati. Beji si karatasi."

Kumbe Renovati alikuwa ameshamwambia na yeye. Familia nzima inaongea nyuma ya mgongo wangu.

Aliandika kwa herufi kubwa, polepole: ODETA. Miaka miwili. Akaibandika kwenye kitenge cha Beata, akashika mpini wa mkokoteni pamoja na Keza na Mama Furaha, wakavuta. Mzunguko mzima wa uwanja, labda dakika ishirini. Katikati ya mzunguko, upande wa nyuma, kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, Mama akaanza kulia. Si machozi ya kimya kimya. Kilio cha matanga, kile cha kwetu, kinachoanzia tumboni. Mama Furaha hakuuliza lolote, akampokea kwa sauti. Bi Karoli alisimama kando yao ameshika kofia yake, haulizi, haandiki. Nilimwangalia sana mikono. Ilikuwa mitupu.

Mimi nilitembea nyuma yao bila beji.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Beata, Buffalo. Nilisema neno moja tu, Odeta. Nikasikia mlango wa duka lake ukilia, mteja anaingia.

"Tulidhani ulishajua na unajifanya," akasema. "Ningeanzaje kukuambia?"

Renovati amepiga mara tatu. Sijapokea. Nikipokea ataniambia ninyamaze niape, na naogopa nitamkubalia.

Nimeamua mambo mawili. Jumatatu, kabla ya zamu, nitakwenda kwa yule mwanasheria wa bure anayekaa maktaba, nimwambie yote, hata kama itasogeza usaili mwaka mzima au kuufuta. La pili, kesho baada ya kanisa nitamuuliza Mama nilizaliwa siku gani. Siku yangu mwenyewe. Anasema anaikumbuka, mvua ilikuwa inanyesha ndani ya hema.

Kuhusu Bi Karoli bado sijamaliza. Jumatano atakuja na mkate na nitamtazama tena kwapani. Mazoea ya miaka thelathini hayaondoki kwa matembezi ya dakika ishirini.

Beji ameibandika Mama kwenye friji, kati ya ratiba yangu ya kazi na picha ya shule ya Keza. Nimeipita mara nne. Jina hili limeniingiza darasani, limenipandisha ndege, limenipa kazi, liko kwenye cheti cha ndoa na kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Mwenyewe alilitumia miaka miwili tu.

Dada Odeta, nilirudishe jina lako? Au niendelee kulibeba, na sasa unajua kwamba najua?

Sijui mtu anaombaje ruhusa kwa mtoto wa miaka miwili. Ngoja nivue viatu nikamsaidie Mama maharage.