Mtoto wa Mwisho Kwenye Orodha

Hsinchu, 9 Juni

Dada yangu Shu-hua,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji. Goti la Mama limepata nafuu? Na mwanao Kai-jun, ameshazoea kwa bibi yake mzaa baba kule Taitung, au bado analia kwenye simu? Mimi mzima wa mwili tu, roho imechafuka.

Unamjua Po-han, mkubwa wangu ofisini, aliyenifundisha kuandika programu. Ndiye aliyenieleza kwamba kitanzi, yaani amri inayojirudia kwa kila jina, kikipitia orodha, hushika nakala ya kila jina. Ukisahihisha nakala, orodha inabaki vilevile. Ukitaka kusahihisha orodha yenyewe, shika rejea, yaani jina halisi. Ila ukimaliza, achia, alikuwa akinitania, maana mimi nikishika kitu siachi. Usipoachia, mkono unabaki umeng'ang'ania jina la mwisho, na kitanzi kinachofuata kinaandika majina mengine juu yake.

Programu ya droo, ile bahati nasibu ya kugawa nafasi za chekechea, tuliiandika sisi wawili. Mstari wa kuachia niliuweka mimi. Po-han akaufuta, eti hauna kazi. Siku ya droo jina la mwisho likapotea, na la kabla yake likatokea mara mbili.

Niligundua jioni ile ile. Nikamwambia Po-han, akanisihi ninyamaze: mkewe mjamzito, akifukuzwa watakula nini? Nikanyamaza wiki tatu. Jana mzazi mmoja akaja kuuliza mbona mwanawe kapata nafasi mbili. Po-han akasimama mbele ya bosi, hata jicho hakupepesa.

"Kitanzi kile ni cha Yi-ting. Nilimwonya."

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Mtu niliyemnunulia maziwa ya soya kila asubuhi, dada. Nimelia chooni kama mtoto.

Sasa lililo zito. Orodha ilifuata saa ya kujiandikisha, na wewe ulijiandikisha dakika za mwisho, mimi nikikuhimiza kwenye simu. Jina lililopotea ni la Kai-jun. Hakukosa bahati, hakuwamo kabisa. Nililijua hilo siku ulipokuwa ukifunga nguo zake za kwenda Taitung kwa kukosa chekechea, na begi nilikushikia mimi.

Leo nimempelekea bosi kumbukumbu za kompyuta zinazoonyesha nani alifuta nini. Droo itarudiwa Jumatatu. Po-han simsamehe. Wewe sina uso wa kukuomba msamaha.

Msalimu Mama. Jumamosi nitabisha hodi kwako. Usipofungua, nitaacha viatu vipya vya Kai-jun mlangoni.

Mdogo wako,
Yi-ting