Atakuwa Ameshajifungua

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetoka darasani nimefura! Leo mwalimu Gervasi katufundisha fyucha pafekti, ile ya kusema jambo kwamba kufikia siku fulani litakuwa limeshafanyika. Sisi wauza dagaa kumi na mmoja, kwenye mabenchi ya kanisa, tunataka Kiingereza cha kuongea wenyewe na wanunuzi wa Zambia. Kila mtu atunge sentensi. Mimi nikasema kufikia Krismasi nitakuwa nimeezeka nyumba. Akasimama Stephania, anayeanika dagaa mchangani pembeni ya chanja yangu, kichaga cha kuanikia. Kiingereza kimenyooka: kabla ziwa halijafunguliwa, Agnesi atakuwa ameshajifungua. Mwalimu: vizuri sana, mpigieni makofi! Wakapiga! Tumbo langu ndiyo mfano wa darasani? Kwetu mtoto hasemwi kazaliwa mpaka asikike analia. Mimi hata nepi sijanunua. Yeye keshanizalisha, na makofi juu.

Jumanne, 5 Agosti

Mume wangu Bonifasi anasema nimezidi, yale ni masomo tu. Masomo!

Alhamisi, 7 Agosti

Kumbe! Nimeshuka Kibirizi, mwaloni kwetu boti zinapofikia, kufagia chini ya chanja yangu, namkuta Stephania anaipima kwa hatua. Ziwa limefungwa tangu Mei, hakuna kuvua ili samaki wazaliane, na desturi ya mwaloni kwetu inajulikana: likifunguliwa, boti za kwanza zikirudi, mama anayekutwa amesimama kwenye chanja ndiye mwenye nayo mpaka ziwa lifungwe tena. Asiyekuwepo, imekwenda. Na aliyejifungua hashuki mwaloni siku arobaini. Nimemuuliza, unatafuta nini? Eti anaangalia kama nguzo zimeliwa na mchwa. Mchwa! Miaka tisa naanika pale. Wanangu wawili wanasoma kwa chanja ile.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mwalo, Mzee Eliakimu. Shikamoo, marahaba, nikaomba Bonifasi anisimamie siku hiyo. Kacheka mpaka kakohoa. Chanja ni za kina mama, kasema, nikimruhusu mmoja kesho wanaume wote watakuwa hapa. Nimerudi nalia kwa hasira.

Jioni darasani Stephania kaniletea ndizi mbivu. Nimekula, maana njaa ya mimba haina aibu. Asante sikusema. Kaniambia dagaa zake za mchangani Wazambia hawazitaki tena, zina mchanga. Sikumuuliza!

Ijumaa, 15 Agosti

Ziwa limefunguliwa. Boti zimetoka jioni hii, vigelegele kila mahali. Mgongo unauma tangu asubuhi. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeshuka alfajiri. Nimekaa kwenye ndoo, nimeegemea nguzo ya chanja yangu, daftari pajani, naandika ili nisipige kelele. Uchungu ni wa kweli sasa — unakuja, unaachia, unarudi. Boti zinaonekana, bado mbali. Kina mama wengine wako kwenye chanja zao, wananipigia kelele niende, ila hakuna anayesogea. Aliyekuja ni Stephania. Anasema dada, zahanati ni pale juu tu, nenda, nitakushikia chanja. Utanishikia! Nimemwambia siondoki peke yangu. Kama ananionea huruma anibebe yeye mwenyewe, twende wote.

Kaangalia boti. Umekuja tena, huu mkali, mwandiko wenyewe —

Umeachia. Chupa imepasuka, kanga imelowa yote. Injini zinasikika. Stephania kainama, mkono mmoja kanishika kwapani. Wa pili kashika nguzo ya chanja, bado hajaiachia.