Gari Linalogoma Asubuhi

Jumapili, 18 Januari

Mdogo wangu Injinia,

Hujambo? Habari za kazi ya usiku, na kile kikohozi ulichoondoka nacho? Sisi huku tupo. Mama anakusalimu. Vidole vyake vimeanza kukakamaa kama kila msimu wa baridi, lakini kazini anakwenda, maana mashuka ya hospitali hayaishi kuchanika na mshonaji ni yeye. Mimi ni mzima, ila usingizi haujarudi wote. Nimekupigia mara nyingi hupokei, nikasema labda bahasha utaifungua, kwa kuwa tangu utotoni huwezi kuona kitu kimefungwa ukakiacha.

Ujumbe wako niliupata. Niliusoma nikiwa kwenye foleni ya dukani, nikaacha vitu pale pale nikatoka nje. Unasema huwezi kuongea na Mama, kwa sababu asubuhi ile Baba alikupigia ukiwa umelala, hukupokea, yeye na Mama wakaondoka na gari likiwa na baridi na Baba akafia humo humo. Unasema ni wewe uliyemwacha kwenye baridi. Jamani, mdogo wangu! Tangu mazishi umelibeba hilo peke yako, na sisi huku tukidhani umetukasirikia. Mama ndiye aliyedhani hivyo zaidi. Siku hizi simu yake huiweka kifudifudi mezani, asione kwamba haiwaki.

Unakumbuka Baba alipolileta lile gari, la umeme na petroli pamoja, la kuchomekwa ukutani? Mlango wa nyuma ulikuwa umebonyea, naye akawa analizunguka kama bwana harusi. Ulikuwa likizo. Waya tuliupitisha dirisha la jikoni, Mama akalalamika kwamba sasa anapika na upepo. Ukatueleza kwamba likipashwa joto likiwa bado limechomekwa, joto linatoka kwenye umeme wa nyumba, na betri inabaki nzima kwa safari. Ukasema tuanze na viti, maana mtu akishapata joto mgongoni na mapajani hana haja ya kungoja hewa yote ya ndani ichemke. Baba alikusikiliza mdomo wazi. Fundi wa mafriji, mtu aliyefufua friji za mtaa mzima, akakuuliza tena na tena kitufe ni kipi! Na kwa kuwa simu yake ilikuwa ile ya zamani ya kubonyeza, programu ya gari ukaiweka kwenye simu yako, ukaondoka nayo.

Ndipo zikaanza zile simu. Kila asubuhi ya baridi Baba alisimama uani na kofia yake ya sufu iliyotoboka sikioni, akikuita kwa sauti ya kufika ghorofa ya juu kabisa kwamba Injinia, mama yako anaganda huku, washa! Nawe ukiwa huko mbali unawasha, feni inanguruma, barafu ya kwenye kioo inaanza kuteleza. Lakini simu hakati. Atakuuliza umekula nini, viatu vyako bado vinaingiza maji, na yule msimamizi wako mwenye gubu ameshaoa au bado. Mama akitoka anaingia kwenye kiti chake, anaweka viganja chini ya mapaja, ili akifika kwenye cherehani vidole viwe vimelainika. Kazini aliwaambia wenzake kwamba yeye ana mtoto anayempashia kiti kutoka ng'ambo, wao wana nini?

Ulipohamishiwa zamu ya usiku, simu zile zikawa zinakukuta ndiyo kwanza umefumba macho. Ukafanya jambo jema: ukaliwekea gari ratiba lijiwashe lenyewe, Baba asihangaike. Alikushukuru sana. Kesho yake akakupigia kwamba limegoma. Ukaipanga upya, likagoma tena. Ukasema gari hili lina mashetani. Baba akasema si mashetani, ni uzee, hata yeye asubuhi huwa anagoma. Basi ukawa unawasha mwenyewe huku unanung'unika, na mwisho wenu ulikuwa kucheka.

Juzi nilimsomea Mama ujumbe wako. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, akauacha. Akaniuliza kwa nini mtoto hakusema mapema. Kisha akanieleza jambo ambalo nakuandikia kama alivyolisema, maana mimi sina maneno yangu.

Gari halikuwahi kugoma. Baba alijua kila kitufe. Ulipoondoka tu alikuwa akilala na kitabu cha gari kifuani, na hakuna kilichomshinda. Kila jioni alishuka uani, eti anakwenda kukagua waya, akaingia garini na kuifuta ratiba yako kwenye skrini. Mama alipomsema kwamba anamnyima mtoto usingizi, akajibu kwamba yeye akijua kuwasha, ataongea na mtoto kitu gani? Alisema wewe na yeye hamkuwahi kuweza kuongea hivi hivi. Mliongea kwenye ile redio uliyoifumua ukairudisha, zikabaki skrubu mkononi na bado ikaimba, siku aliyokupa jina la Injinia. Baadaye mkaongea kwenye baiskeli. Pasipokuwa na kitu kibovu katikati yenu, mlinyamaza wote wawili.

Na asubuhi ile, soma hapa polepole. Simu iliita, hukupokea. Baba akasema umechoka, tukuache ulale. Akaingia garini akabonyeza mwenyewe, akarudi ndani kumalizia chai. Mama alikaa kwenye kiti chenye joto, viganja chini ya mapaja, mpaka mlangoni pa jengo la kufulia la hospitali. Alipokuwa anashuka, Baba akamwambia kwamba jioni atakupigia akwambie leo gari liligoma kabisa, usije ukamshtukia. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, na aliyasema akicheka. Mlinzi wa pale alimwona bado ameketi garini, akadhani mzee anapumzika. Walipomwita Mama, alifungua mlango akamshika mkono, halafu, hajui kwa nini, akaweka kiganja kwenye kiti. Kilikuwa bado na joto. Daktari alisema ni moyo, ulisimama tu. Baridi haikumgusa, mdogo wangu. Hukumwacha kwenye baridi.

Mama hakukwambia kwa sababu Baba alimwapisha asikwambie, naye akaona ya marehemu yabaki ya marehemu. Hakujua kwamba kimya chake kinakutafuna. Alilia kwa namna ambayo hakulia hata makaburini. Nami nililia. Niliishi na Baba nyumba moja, tulionana kila siku, na leo ningetoa chochote anidanganye kwamba kuna kitu kimegoma.

Naona baada ya mazishi uliiweka ratiba tena. Baridi iliporudi nilichomeka waya, na asubuhi gari likanguruma lenyewe uani. Mama alitoka na kandambili, bila hata mtandio. Nilimkuta ameshika mpini wa mlango, anatazama ndani. Hakuingia. Siku ile alikwenda kazini kwa miguu.

Lakini jana jioni, kupitia dirisha la jikoni, nilimwona ameketi garini, mwanga wa skrini usoni, kidole kinatafuta. Aliporudi nikamuuliza alikuwa anafanya nini. Akaniambia anakagua waya.

Kwa hiyo atakupigia. Labda kabla barua hii haijafika, labda ukiwa nayo mkononi. Atasema gari limegoma na yeye hajui kubonyeza. Pokea, Injinia. Usimwambie nimekwambia. Nung'unika kidogo kama zamani, sema hilo gari lina mashetani, kisha washa, na simu usikate. Atataka kujua umekula nini.

Wasalimie wote unaofanya nao kazi, hata huyo msimamizi. Jaribu kulala vizuri.

Na ukishampashia Mama, unikumbuke na mimi. Siku hizi ninayeendesha ni mimi, na kiti cha dereva nacho kina baridi.

Dada yako