Mgonjwa Alinipiga, Mjomba Akapokea Kuku

Kosa wanalolifanya watu wengi, na nimelisikia hata kwa watu waliosoma, ni kudhani kwamba mtu akishalazwa hospitali anageuka mtoto mchanga asiyejua mikono yake inafanya nini. Kwa kosa hilo manesi wetu wanashikwa, wanatukanwa na kupigwa, kisha wao ndio wanaoambiwa wawe na huruma. Barua ya wiki hii nimeiacha kama ilivyokuja, nikabadilisha majina tu.

*

Mpendwa mshauri, nimekaa na jambo hili mpaka chakula hakipiti, naomba unisaidie maana hapa nilipo sijui nimwogope nani zaidi. Mimi ni nesi wa wodi ya wanaume katika hospitali ya wilaya huku kusini, kazi naipenda na sijawahi kugombana na mgonjwa, na mwaka huu baada ya mavuno natarajia chinkhoswe yangu na Limbani, wajomba zake wameshaandaa jogoo wao na wajomba zangu wameshaandaa tetea wetu, kilichobaki ni kukutana mbele ya watu na kubadilishana ili tuwe mume na mke.

Sasa tulipokea mgonjwa, Bambo Chilemba, bambo ndiyo bwana kwa lugha yetu, mwenye vinu vya kusaga mahindi na mzee wa kanisa, ana kidonda cha sukari mguuni, na kwa kuwa wodi imejaa godoro lake liko sakafuni, kwa hiyo kumsafisha kidonda lazima nipige magoti, na siku ya kwanza tu nilipopiga magoti akawaambia wenzake, "Mnaona? Huyu amelelewa. Wa kwangu nyumbani hapigi magoti hivi," wodi nzima ikacheka, hata mkewe aliyekuwa pale kwenye mkeka akimkorogea uji akacheka, na mimi nikacheka, mshauri, ndiyo, nilicheka. Kesho yake mkono wake ukawa kiunoni kwangu, keshokutwa pajani, nikamwambia, "Bambo, mkono," akanijibu, "Mkono una nini? Unapima joto," na mkewe akasema, "Mwache mzee acheze, sista, akiacha kucheza ndiyo uanze kuogopa." Nilimwambia matroni tukiwa kwenye ukumbi wa nje, akasema, "Mwanangu, mimi nimeshikwa mpaka nimezeeka. Maliza zamu yako." Daktari akipita na wanafunzi wake, Bambo Chilemba huyo huyo anakunja mikono kifuani na kusema, "Mwanangu huyu ananitunza vizuri, Mungu ambariki," sasa nani angeniamini?

Jumanne asubuhi ndugu wa wagonjwa walikuwa wametoka nje kupika, nilikuwa peke yangu nafungua bandeji yake, akanishika kisogo kwa mikono miwili akanikandamiza uso kwenye mapaja yake huku akisema maneno ambayo siwezi kuyaandika, nilipojinasua na kupiga kelele akachukua fimbo yake ya kutembelea akanipiga nayo shavuni, nikaangukia trei ya vifaa, jino limelegea na sikio la kushoto linavuma mpaka leo. Hakuna aliyesogea ila mgonjwa wa godoro la jirani alisema, "Basi, Bambo, inatosha," kana kwamba kuna kiasi ambacho kingekuwa sawa.

Matroni alinihamishia wodi ya watoto siku ile ile, akawaambia wenzangu kwamba naumwa mgongo na siwezi tena kuinama, na mimi nikanyamaza. Bandeji za kule sasa anazifunga mwenzangu Dorika, ambaye ni mjamzito, juzi ameniuliza, "Mgongo unaendeleaje?" nikasema unaendelea vizuri.

Jumapili wajomba wa Bambo Chilemba wakaenda kijijini kwa mjomba wangu Layisoni, ambaye ndiye nkhoswe wangu, msimamizi wa ndoa yangu, wakapeleka kuku na kuomba msamaha, naye akapokea bila kunitafuta hata kwa simu. Nilipofika nilimkuta anachokonoa meno. "Yameisha," akasema, "watu wazima wamekuja, wamekaa chini, wamepiga makofi ya heshima, ulitaka watambae?" Nikasema, "Mjomba, hukuniuliza." Akasema, "Nikuulize nini, na kuku nimeshamla?" Nikamwambia nataka kwenda polisi, akanitazama kama mtu asiyenijua, akasema, "Nenda. Ila siku ya chinkhoswe tafuta mwingine wa kukupokelea jogoo, maana mimi siwezi kusimama mbele ya watu kwa mdomo huu huu uliokula kuku wa Chilemba." Mama analia, ananiambia ndoa haina mlango mwingine isipokuwa mjomba. Limbani anasema nitakaloamua ndilo, lakini wajomba zake wameanza kuuliza maswali.

Mshauri, niende polisi nipoteze ndoa, au ninyamaze niolewe? Na je, kosa ni langu kwa sababu nilicheka? Wakati mwingine nafikiria kuacha kazi kabisa.

Ni mimi, ninayeambiwa naumwa mgongo.

*

Binti yangu, pole. Pole ya sikio, pole ya jino, na pole ya ule ukimya uliofuata, ambao naona umekuumiza kuliko fimbo.

Nianze na kicheko, kwa sababu ndicho kinachokutafuna. Ulikuwa umepiga magoti, mikono yako ina kazi, wanaume wa wodi nzima wanakutazama wakingoja uone aibu. Ulicheka ili yapite. Wasichana wetu wamefundishwa hivyo tangu wadogo, mzee akitania vibaya cheka kisha ondoka. Kucheka kwa mtu anayetafuta njia ya kutoka hakumpi mtu mwingine ruhusa ya kumgusa. Kosa si lako. Liweke chini, tuendelee.

Sasa ugonjwa. Wapo wagonjwa wanaopiga bila kujua. Sukari ikishuka ghafla mtu huchanganyikiwa, akarusha mikono na kumtukana mama yake mzazi. Homa kali hufanya hivyo, jeraha la kichwa hufanya hivyo, na mtu anayezinduka baada ya kupasuliwa anaweza kukung'ata. Mtu kama huyo anashikwa kwa upole, anatibiwa, na akipata fahamu anaona haya mwenyewe. Wewe ni nesi, unayajua haya. Basi tazama ulichoandika kwa mkono wako: daktari akipita, Bambo Chilemba anakunja mikono kifuani. Siku aliyokushika kisogo, ndugu walikuwa wametoka kupika. Mtu aliyechanganyikiwa hachagui saa, wala haangalii kwanza nani yupo. Anayejizuia mbele ya daktari anaweza kujizuia mbele ya nesi. Hakutaka tu.

Na kiapo chako cha kumhudumia kila mtu hakikatazi kumshtaki. Kidonda chake kitasafishwa, dawa zake atapewa, uji wake atakunywa, na mashtaka yake atayajibu. Hayo yote yanaweza kwenda pamoja.

Nije kwa mjomba, kwa maana hapo ndipo ulipofungwa. Nkhoswe ni mtu mkubwa kwetu, na sitamdharau. Anasimamia ndoa. Mume na mke wakigombana anawakalisha, koo mbili zikivutana anakaa katikati. Kuku wanapita mikononi mwake kwa sababu watu hao wataendelea kuishi pamoja, watazikana, watalea watoto wa pamoja. Wewe na Bambo Chilemba mna ukoo gani? Mna ndoa gani? Wajomba zake wamebeba desturi ya nyumbani wakaifanya shuka la kufunikia jambo lililotokea kazini, mchana, dhidi ya mtumishi aliyevaa sare. Na mjomba wako, labda kwa nia njema, labda kwa kumwogopa mwenye vinu, akawapokea.

Hilo si jambo dogo, lakini pia si mwisho. Kuku yule alikuwa wa pole kati ya wazee na wazee. Nenda kwa mjomba, piga magoti kama ulivyolelewa, na umwambie hivi: "Mjomba, pole yao mliipokea, nami siirudishi. Lakini aliyepigwa ni mimi, na mimi sijaulizwa." Usibishane. Usimwambie amekula rushwa, hata kama ndivyo unavyofikiri. Sema, kisha inuka uende zako.

Akikataa kusimama kwenye chinkhoswe, mama yako anakosea anaposema hakuna mlango mwingine. Ukoo haukuzaa mjomba mmoja. Yupo mdogo wake, yupo binamu wa mama, yupo hata kaka yako mkubwa kama unaye. Nimeona chinkhoswe nyingi zikisimamiwa na mjomba wa pili kwa sababu wa kwanza alisusa, na jogoo aliwika vile vile. Mwambie mama aende kwa bibi yako azungumze naye. Wajomba hujifanya wakali mbele yetu, lakini bibi akikohoa wanakaa.

Kuhusu wajomba zake Limbani, usimwachie Limbani jibu la "utakaloamua ndilo". Jibu hilo ni tamu ila halina miguu. Mwambie awaendee wajomba zake mwenyewe, awaeleze kilichotokea kwa maneno ya wazi, awaambie kwamba mchumba wake alipigwa akiwa kazini. Akiweza kusema hivyo, unaolewa na mtu. Akishindwa, ni afadhali ujue kabla ya mavuno kuliko baada yake.

Polisi utakwenda. Waombe wakuandikie uchunguzwe na daktari, na sikio hilo lisisubiri, linalovuma siku nyingi linaweza kuwa limepasuka ndani, na huko kupasuka kutaonekana. Mtaje yule mgonjwa wa godoro la jirani. Aliposema "inatosha" alikiri kwamba aliona. Usiende peke yako. Chama cha manesi kina mtu wake katika wilaya, mtafute afuatane nawe, kwa maana nesi mmoja hutulizwa na kurudishwa nyumbani, na nesi mwenye mtu pembeni huandikiwa maelezo yake.

Kuacha kazi, sitaki kulisikia. Aende yeye, ubaki wewe.

Kwa matroni wako, kama anasoma, nina maneno machache. Bibi, umeshikwa mpaka umezeeka, umesema mwenyewe. Naamini, na ninakusikitikia. Lakini ulipokuwa na umri wa binti huyu ulitamani mkubwa wako akufanyie nini? Mfanyie hilo. Wodi ile ihudumiwe na manesi wawili wawili, wala mwanamume asiyeweza kuzuia mikono yake asihudumiwe na msichana aliye peke yake.

Sasa nikugombeze, binti yangu, kwa maana nimekuhurumia vya kutosha. Umeandika barua ndefu. Umemweleza mjomba, umemweleza mama, umemweleza Limbani, umenieleza mimi nisiyekujua. Mtu mmoja tu hujamweleza, na ndiye anayepiga magoti mbele ya godoro lile kila asubuhi akiwa na mimba, akidhani yuko pale kwa sababu ya mgongo wako. Alikuuliza kwa upole, ukamdanganya. Matroni ndiye aliyeutunga uongo ule, lakini kila siku unayonyamaza unautumia. Fimbo ile ikishuka tena haitashuka kwenye shavu lako.

Polisi wanaweza kuchukua wiki, na mjomba anaweza kuchukua mwaka. Hili halichukui hata muda wa kumaliza chai iliyo mbele yako. Weka gazeti chini, mpigie Dorika simu sasa, umwambie yaliyokupata.