Mchanga wa Chini ya Mtungi

Bariadi,
Agosti 1996

Mdogo wangu Milembe,

Mwangaluka. Nakuandikia tena salamu yetu ya asubuhi, mwangaluka, na usichoke. Hujambo huko Dodoma? Watoto hawajambo? Kifua chako kinasemaje na vumbi la huko? Na Mheshimiwa Ndalahwa mumeo, bado anakula ugali amesimama, sikio liko kwenye taarifa ya habari? Nijibu kila swali peke yake. Usiniunganishie salamu zote katika mstari mmoja kama ulivyozoea, maana mwaka huu salamu kwangu zimekuwa kitu cha kutafuta, na utaona sababu.

Sisi huku tuna afya. Mama ni mzima, bado anakataa kuachiwa kazi ndogo. Mama Felisita, mkweo, miguu imemvimba tena, lakini asubuhi hutolewa nje akaota jua na kutukana kuku wa majirani, kwa hiyo najua atadumu. Pamba imekubali. Kila nyumba ina magunia mpaka chini ya kitanda. Ungedhani ni mwaka wa furaha, lakini ni pamba hiyo hiyo iliyotuletea balaa, na balaa lenyewe lilianzia kinywani mwa mumeo.

Unajua msimamo wangu juu ya mumeo. Sina haja ya kuurudia, lakini nitaurudia. Nilikuwa katibu wa chama cha msingi kabla chama hakijafa, na sitamsamehe mtu aliyesimama bungeni akapiga makofi kwenye mazishi yake. Yeye alisema ushirika uliwakopa wakulima pamba yao na kuwalipa ahadi, na kwamba mnunuzi binafsi anakuja na fedha mkononi. Kweli, fedha ilikuja mkononi. Mimi niliuliza katika magazeti, mara nyingi kuliko wahariri walivyopenda, kwamba siku mnunuzi huyo akiamua kutokuja, mkulima atamshtaki kwa nani? Hakuna aliyenijibu. Mumeo alinitumia salamu tu kupitia kwako, kwamba shemeji anaandika vizuri. Hakuna tusi linaloniuma kama hilo.

Sasa sikiliza. Wakati wa bajeti tulikuwa tumekusanyika dukani kwa Joakim, redio iko juu ya kaunta, tukingoja mbunge wetu, huyo mumeo, achangie. Alianza vizuri, nakiri. Alisema habari za leseni za wafanyabiashara wadogo, za ushuru unaotozwa kila kizuizi cha barabara, na za mashine za kuchambulia pamba zinazokaa bure kwa kukosa vipuri. Watu walikuwa wanatingisha vichwa. Halafu akamwambia Spika kwamba atasema jambo ambalo wapiga kura wake hawatalipenda. Akasema wakulima wa Bariadi wanachanganya pamba safi na fifi, ile chafu ya daraja la chini, wanainyunyizia maji, wanaitia mchanga ili gunia liwe zito, na kwamba pamba yetu imeanza kudharauliwa na wanunuzi wa nje kwa sababu hiyo.

Joakim alizima redio kabla hajamaliza. Winnie, yule mjane anayeuza maandazi, akasema kwa sauti kubwa kwamba mtoto akishapewa gari husahau kwamba alikuwa anajisaidia vichakani kama wenzake. Watu wakacheka, lakini kicheko hakikuwa kizuri.

Hazikupita siku nyingi, lori la Kristofa likaacha kuja. Kristofa ni wakala wa kampuni moja ya Mwanza, ndiye aliyekuwa ananunua hapa kwetu. Alisema wakubwa wake wamesikia maneno ya mbunge, hawataki pamba ya mchanga, akafunga mizani yake na kuondoka. Waliofuata walitaja bei ya kututukana. Pamba ikabaki ndani, panya wakaanza kuzaa humo, na watu wakaanza kuangalia mji wa Ndalahwa, ile kaya anayokaa mama yake, kwa jicho ambalo sikulipenda hata mimi.

Ndipo sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wakapiga mwano, yowe la kuita baraza la watu wote. Tulikutana asubuhi mbele ya gulio lililofungwa, wanaume na pinde zao, filimbi shingoni, wanawake upande wao. Ntemi wa sungusungu, mkuu wao, sasa ni Shija, unamkumbuka, yule asiyecheka. Shauri lilikuwa moja: mbunge amewachafua watu wake mbele ya nchi nzima, kwa hiyo mji wake utengwe. Nakukumbusha maana yake, usije ukawa umeisahau huko kwenye lami. Hakuna kumsalimu mtu wa mji ule wala kuitikia salamu yake. Hakuna kuchota naye maji kisima kimoja. Hakuna kumpa moto. Akifa mtu pale, hakuna atakayeshika jembe. Atakayevunja naye atatozwa ng'ombe. Milembe, mumeo hayupo hapa. Aliyepo ni Mama Felisita na miguu yake.

Na nani aliombwa aeleze mashtaka? Mimi. Nani mwingine? Nilisema, mdogo wangu, na nilisema vizuri. Niliwaeleza jinsi bei inavyopangwa ng'ambo na watu wasioijua hata rangi ya ua la pamba, jinsi wakala anavyokula pande mbili, na jinsi ilivyo rahisi kumlaumu mkulima asiye na kipaza sauti. Winnie alipiga kelele kwamba ninasema kama mahindi yanayokaangwa, nipunguze moto. Sikupunguza. Kuhusu kutengwa sikusema ndiyo wala hapana. Nilitaka kwanza kumshinda Ndalahwa kwa hoja, mambo ya mama yake nilijiambia nitayatetea baadaye. Ndivyo nilivyo.

Hapo Jilala, mdogo wake mumeo, akasimama. Kijana huyo si msemaji. Alisema hana hotuba, ana ombi moja tu: lifunguliwe gunia moja hapo mbele ya watu, la nyumba yoyote ile, na likikutwa safi yeye mwenyewe ataufunga mlango wa kaka yake. Watu wakaangaliana. Mmoja nyumba yake ina watoto, mwingine yake iko mbali, mwingine pamba yake bado haijakaushwa. Kila mtu alikuwa na sababu. Niliona uwanja wote unaanza kuteleza kwenda upande wa Jilala, na mimi siwezi kuvumilia kuona mjadala unateleza.

Nikasema lilete la kwangu. Nikasema zaidi ya hapo, maana ulimi wangu haujui kituo. Nilisema likikutwa na punje moja ya mchanga, adhabu yote waliyomwandalia Ndalahwa wanivike mimi Masalu, na mji wake wauache. Shija akauliza kama nimemaliza. Nikamwambia ayaweke maneno hayo kama yalivyo.

Gunia lililetwa kwa baiskeli. Wakatandaza turubai, wakalimwaga. Ilianza kutoka pamba nyeupe, nzuri, mpaka nikawageukia watu nikiwa na tabasamu. Nilikuwa bado natabasamu nilipowaona wanaacha kuniangalia mimi na kuangalia chini. Katikati ya gunia kulikuwa na bonge lenye unyevu, na lilipopasuka mchanga ulimwagika kama sukari kwenye mfuko uliotoboka. Mchanga mzuri, mweupe, wa mtoni, uliochekechwa.

Winnie hakucheka. Nilitamani angecheka.

Shija aliuliza ni nani aliyeshindilia gunia lile. Nilijibu ni mimi. Akauliza mara ya pili, kwa sababu kila mtu anajua mimi sijawahi kushindilia gunia bila kuitwa kwenye jambo lingine. Nilijibu tena kwamba ni mimi, na nikaongeza kwa ukali kwamba kama ntemi hasikii vizuri aazime sikio. Basi ikawa hivyo. Mji wa mumeo umeachwa, Mama Felisita anasalimiwa na kila mpita njia, na mimi nimetengwa mpaka nitakapotoa dume la kuliwa na mwano. Mimi nina maksai wawili tu wa plau. Nikitoa mmoja, mwingine atalima na nani?

Sasa nakwambia jambo ambalo halijui mtu mwingine, na barua hii ukishaisoma ichome. Mchanga ule niliutambua pale pale juu ya turubai. Niliinua macho upande wa wanawake nikamwona mama ameshika ncha ya kanga mdomoni. Nilipofika nyumbani niliingia chumbani kwake. Unaukumbuka mtungi wake wa maji, na ule mchanga wa mtoni anaouchekecha na kuulowanisha, mtungi ukae juu yake maji yapoe? Mtungi ulikuwa umekaa juu ya ardhi tupu, umeegemezwa ukutani.

Sikumuuliza. Alianza mwenyewe, bila kulia na bila kuomba radhi. Alisema mwaka jana alipima pamba yake kwanza kwenye mizani ya Joakim, akaipeleka kwa Kristofa, na kati ya duka na lori pamba ile ile ilikuwa imekonda kama mgonjwa. Akapima tena mara nyingine, ikakonda tena. Kila mama pale kisimani alikuwa na habari hiyo hiyo. Alisema alinieleza. Ni kweli alinieleza, na mimi nikaandika makala ndefu juu ya soko huria, nikasahau kutaja mizani. Basi wakaona mizani ile ina njaa, wakailisha. Ndivyo alivyosema: mwanangu, ilikuwa na njaa, tukailisha. Alitaka kwenda kwa Shija aseme ni yeye. Nilimkataza. Nilimwambia mwanamke wa umri wake hawezi kuketi peke yake kisimani mpaka watu wote waondoke. Akasema mimi nilikuwa mkaidi tangu tumboni, nilikaa vibaya wakati wa kuzaliwa.

Kwa hiyo mwambie mumeo maneno haya, na usiyalainishe. Mwambie alisema kweli, na mimi nimeithibitisha kwa gunia langu, jambo ambalo hata wapambe wake hawajawahi kumfanyia. Lakini alisema nusu. Mchanga aliuona, mizani hakuiona. Amesimama mbele ya Bunge zima akamtaja mwizi mwenye jembe, mwizi mwenye mizani akamwita mwekezaji. Arudi asimame tena. Aulize ni nani anayekagua mizani ya hao wanunuzi tangu ushirika ufe, na ukaguzi huo uanzie wapi. Aseme wakulima wataacha mchanga siku mizani itakapoacha kula. Akilisema hilo redioni, ikiwa Joakim hatazima, nitamwandikia barua ya pongezi. Ya kwanza na ya mwisho, asizoee.

Na asithubutu kunitumia ng'ombe. Najua utamwomba, na najua atakubali, ana moyo mwepesi hata kama akili yake haikai mahali pamoja. Lakini dume likishuka hapa kutoka Dodoma watasema mbunge amemnunua Masalu, na maneno yote niliyowahi kuandika yatakuwa karatasi za kufungia maandazi ya Winnie. Asimtume mkuu wa wilaya pia. Mwano ulikubali neno langu, nami nitakaa ndani yake.

Kukaa humo si kugumu kama nilivyodhani, ila kwa jambo moja. Asubuhi napita njiani na watu wanatazama mashamba. Jilala akiniona anainamisha kichwa, haya inamla kuliko mimi. Nimezoea kubishana na watu, hivi sasa nabishana na maksai, na wao hawanipi nafasi ya kujibu. Leo nimetembea mpaka huku mjini kuleta barua, na muuza chai wa stendi aliposema karibu mzee nilikaribia kumkumbatia.

Jambo lenyewe ni hili. Nilipokuwa natoka nyumbani leo, mama alikuwa anarudi kisimani na wenzake, ndoo kichwani. Shija na vijana wake walikuwa wanapita na baiskeli. Mama alisimama katikati ya njia. Tangu maongezi yale ya chumbani kwake amekuwa ananiwekea chakula bila neno, kama sheria inavyotaka. Akaniangalia, akatua ndoo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mashamba: mwangaluka, Masalu.

Shija akashusha mguu mmoja kutoka kwenye baiskeli. Milembe, unanijua. Hakuna mtu aliyewahi kunirushia neno likaanguka chini. Nimewajibu mapadri, nimewajibu makatibu wa chama, nimemjibu mumeo siku ya harusi yako. Lakini salamu ya mtu mmoja inaweza kuitwa kuteleza kwa ulimi wa mzee. Ikijibiwa, ni maongezi, na faini ya maongezi ni ng'ombe wake wa pekee, yule wa maziwa. Nilitazama mashamba kama wengine. Nilimpita mama yangu, kanga yake ikanigusa mkono, na sikuitikia.

Nyuma yangu nilisikia ndoo ikiinuliwa. Shija akapanda tena baiskeli, akaenda zake.

Nisalimie watoto mmoja mmoja kwa jina. Nisalimie Ndalahwa. Na utakapokuja likizo, kabla hujaingia kwa mkweo, kabla hujanitafuta mimi, nenda kwa mama yetu, umwitikie ile salamu kwa niaba yangu. Mwambie, mwangaluka, mayu.

Mimi kaka yako,
Masalu